Kiunzi cha feni ya kunyanyulia ndege: alumini, titani, nyuzikaboni au chuma?

Feni ya kunyanyulia ndege hufanya kazi dakika chache tu katika safari nzima. Huipaisha ndege wima, huishusha wima, na muda wote uliobaki imelala ndani ya bawa au nyuma ya rubani kama mzigo. Ndiyo maana kila anayeiunda hupigania gramu. Na mahali gramu zinapopatikana au kupotea kwa wingi ni kwenye kiunzi: kitovu kinachobeba beringi, spoki zinazotoka kwenye kitovu, na pete ya nje inayofungwa kwenye mwili wa ndege.

Nimejenga na kujaribu viunzi vya aina hii kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni moja: nitumie nini? Watu hutaka jibu la neno moja. Mimi huwarudishia swali: utakijaribuje? Nimeona kiunzi chepesi sana kikiwekwa kando kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kilichomo ndani yake, kisha kikachukuliwa kingine kizito kidogo ambacho ufa wake ungeonekana kwa macho. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitakuwa nikirudi kwenye majaribio kila mara. Nyenzo na jaribio lake huchaguliwa siku moja.

Mzigo ambao wengi huusahau

Tuchukue feni ya kufanyia hesabu: kipenyo mita 0.9, mapanga 7, mizunguko 4,000 kwa dakika, msukumo nyutoni 2,000. Kila mtu huanza na msukumo. Ukiugawa kwa spoki 4, kila moja inabeba nyutoni 500, na hapo mtu hujiona amemaliza kazi. Kumbe huo ndio mzigo mpole kuliko yote.

Ndege inapoanza kwenda mbele huku feni ingali inazunguka, upepo huingia kwa ubavu. Panga linaloukabili upepo hubeba zaidi, linalokimbia nao hubeba pungufu, na tofauti hiyo hufika kwenye kitovu kama momenti inayotaka kukiinamisha, pamoja na mtetemo kila panga linapopita spoki. Kisha ndege ikiinua pua, rota inayozunguka hukataa kugeuzwa na kusukuma kwa pembe mraba, kama pia inayochezewa na watoto. Kwa rota ya mfano wetu, ikiwa na inesha (ukaidi wake wa kubadilishiwa mzunguko) ya 0.2 kg·m² na ndege ikigeuka kwa nyuzi 29 kwa sekunde, momenti hiyo ni nyutonimita 42 hivi. Haitishi, ila inakuja kutoka upande ambao spoki zako huenda ni dhaifu. Feni ya F-35B, ndege ya kivita ya Marekani inayotua wima, ina safu mbili za mapanga zinazozunguka kinyume, kwa hiyo sehemu kubwa ya momenti hizo hujifuta zenyewe kabla hazijafika kwenye kiunzi. Ni akili kubwa, lakini gharama yake ni giaboksi.

Mzigo unaoninyima usingizi ni panga kukatika. Panga la gramu 200 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 30 kutoka katikati likiondoka, rota inabaki na mvutano wa nyutoni 10,500 upande mmoja. Huo ni zaidi ya uzito wa tani moja, unaozunguka mara 67 kwa sekunde, ndani ya kitu ulichokikokotoa kwa msukumo wa nyutoni 2,000. Kiunzi hakilazimiki kuendelea kufanya kazi baada ya hapo. Kinalazimika kuishika rota isitoke hadi mota izimwe.

Halafu kuna nafasi kati ya ncha za mapanga na pete. Ikiwa kubwa, msukumo unapotea. Ikiwa ndogo mno, ncha zinakwangua. Tuseme ni milimita 1.5. Kiunzi kizima, pamoja na kunepa kwake na kupanuka au kusinyaa kwa joto, lazima kiishi ndani ya hizo milimita 1.5. Kwa sababu hiyo viunzi vingi huamuliwa na ukakamavu muda mrefu kabla nguvu ya nyenzo haijafikiwa.

Takwimu zenyewe

| Nyenzo | Densiti (g/cm³) | Moduli ya Young, kipimo cha ukakamavu (GPa) | Kutanuka kwa joto (mikromita kwa mita kwa °C 1) | Kupitisha joto (W/m·K) |
|---|---|---|---|---|
| Alumini 7075 | 2.81 | 72 | 23 | 130 |
| Titani (alumini 6, vanadi 4) | 4.43 | 114 | 9 | 7 |
| Chuma 4130 | 7.85 | 205 | 12 | 43 |
| Nyuzikaboni na epoksi, tabaka za pande zote | 1.6 | karibu 55 | 2 hadi 3 | chini ya 1 kupenya unene |

Gawanya moduli kwa densiti. Alumini inakupa 25.6, titani 25.7, chuma 26.1. Ni kama sawa! Anayekuambia titani ni "kakamavu zaidi kwa kila kilo" kuliko alumini amechanganya ukakamavu na nguvu. Nyuzikaboni za pande zote hutoa karibu 34, na zikilazwa upande mmoja tu hupita 80, ila upande ule mwingine zinakuwa dhaifu kama gundi iliyozishika.

Lakini spoki na ukuta wa pete havivutwi tu, vinapindwa, na kwenye kupinda unene ndio mfalme. Chukua kipande bapa cha alumini chenye kilo 1. Kipande cha titani chenye upana uleule na ukakamavu uleule wa kupinda kitakuwa na kilo 1.35. Cha chuma karibu kilo 2. Cha nyuzikaboni kilo 0.62. Nyenzo nyepesi hukuruhusu kuwa mnene, na unene hukupa ukakamavu karibu bure. Chuma na titani ukitaka ziwe nyepesi lazima uzifanye nyembamba, na ukuta mwembamba wa robo milimita hukunjamana kama kopo la soda kabla haujafikia nguvu yake.

Alumini

Ningekuwa naanza leo na feni ya umeme ya ukubwa huu, cha kwanza kingekuwa alumini iliyochongwa kutoka bonge moja, kitovu na spoki pamoja. Hakuna kalibu, hakuna tanuri. Ukikosea, unarekebisha mchoro na kuchonga tena wiki hiyohiyo.

Faida yake nyingine haionekani kwenye majedwali ya uzito. Mota ya kilowati 60 yenye ufanisi wa asilimia 95 inamwaga kilowati 3 za joto kwenye kitovu. Spoki za alumini zilizokaa kwenye mkondo wa hewa hulibeba joto hilo na kulipoza. Nyuzikaboni hulifungia ndani. Nimewahi kuona kundi likifurahia gramu 600 walizookoa kwenye spoki, kisha likaongeza kilo nzima ya mabomba ya kupozea mota.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Wa kwanza ni baridi. Watu huwaza joto, lakini fikiria feni iliyolala kwenye hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri wakati ndege iko juu, kisha inaamshwa ili ndege itue. Kutoka nyuzi 20 za karakana hadi hapo ni tofauti ya nyuzi 60, na pete ya alumini ya mita 0.9 husinyaa milimita 1.24 kwa kipenyo, yaani 0.62 kila upande. Kama mapanga ni ya nyuzikaboni, yenyewe hayasinyai. Nafasi yako ya milimita 1.5 imeshuka hadi 0.9 kabla rota haijazunguka hata mara moja.

Wa pili ni uchovu wa metali. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake unaweza kukitikisa miaka na miaka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtetemo unahesabiwa, na feni yetu hufikisha mizunguko milioni 10 kwa saa 42 tu. Mfano ulio wazi ni F-35B yenyewe: mwaka 2010, katika jaribio la ustahimilivu la ardhini, nyufa zilionekana kwenye kiunzi kikuu cha mwili wa ndege kilichotengenezwa kwa alumini ili kuokoa uzito, baada ya saa zipatazo 1,500, wakati lengo la jaribio lilikuwa saa 16,000. Kipande hicho hakimo ndani ya feni, ni cha mwili unaoibeba. Lakini somo ni lilelile: uzito ulipunguzwa kwenye karatasi, ufa ukaja kujulikana kwenye benchi la majaribio. Na heri ulijulikana hapo.

Titani, na feni zenye moto

Titani ina kazi yake, na kazi hiyo ni joto. Ryan XV-5A, ndege ya majaribio ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964, ilikuwa na feni ya General Electric katika kila bawa, yenye kipenyo cha takriban mita 1.59, na nyingine ndogo puani. Hazikuwa na shafti kutoka kwenye injini. Gesi ya moto ya injini za J85 ilielekezwa kwenye vijipanga vya tabini vilivyozunguka ncha za feni na kuisukuma kutoka pembeni. Hebu fikiria pete ya kiunzi kama hicho: upande mmoja gesi ya mamia ya nyuzi, katikati kitovu kinachopigwa na hewa baridi. Alumini haiwezi kukaa hapo, na epoksi, gundi inayoshika nyuzikaboni, usiitaje. Titani hufanya kazi hadi nyuzi 350 hivi, na inapopita hapo unahamia kwenye aloi za nikeli.

Kwa joto la namna hiyo umbo la spoki ni muhimu kuliko hata nyenzo. Spoki zilizonyooka kutoka katikati hupambana na pete inayotanuka: ama pete ipinde, ama spoki ivutwe hadi ichanike. Ukizilaza zitoke kwa mshazari kwenye ukingo wa kitovu, kama spoki za gurudumu la baiskeli, pete ikitanuka kitovu kinajizungusha kidogo tu na mkazo unapungua sana. Ni ufumbuzi mzuri kupindukia, na hauongezi gramu ya maana.

Ugumu wa titani ni kuchomelea. Ikiwa moto, hunyonya oksijeni hewani na kuwa dhaifu kama kigae. Inahitaji gesi ya agoni mbele ya mshono, nyuma yake na ndani ya spoki iliyo wazi. Rangi ya mshono itakuambia ukweli: fedha inayong'aa ni njema, manjano ya majani makavu inavumilika, buluu na zambarau ni dalili mbaya, na unga mweupe maana yake kata utupe. Najua mafundi wanaosugua buluu kwa brashi ya waya ili mshono uonekane safi. Usikubali. Kagua mshono kabla haujaguswa na brashi yoyote.

Nyuzikaboni

Hapa ndipo penye uzito mdogo kuliko wote, na ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Kwa pete ya nje, tabaka mbili nyembamba za nyuzikaboni zikiwa na moyo wa sega la nyuki katikati hazina mshindani. Zinashika umbo lake kwenye baridi na joto, na ukakamavu wake wa kupinda haufikiwi na metali yoyote kwa uzito huo.

Tatizo ni mahali zinapokutana na kitu kingine. Kaboni ikigusa alumini penye unyevu, alumini huliwa. Dawa yake ni tabaka jembamba la nyuzi za kioo katikati, na lazima liwepo kila mahali, pamoja na ndani ya tundu la bolti. Isitoshe, kitovu cha alumini cha milimita 200 kikipanda nyuzi 80 hutanuka milimita 0.33 zaidi ya kaboni iliyogundishwa kukizunguka. Gundi ndiyo inayolipa deni hilo, kila safari.

Kuna kiunzi kimoja tulichopokea kutoka kwa mtengenezaji wa nje, kizuri cha kutazama, kinang'aa. Kabla ya kukitikisa tulikitundika kwa kamba za mpira, tukabandika kihisi cha mtetemo chenye ukubwa wa punje ya kunde kwa nta, tukakigonga kwa nyundo ndogo. Mtetemo wake wa kwanza ulikuwa hezi 112, yaani mara 112 kwa sekunde. Tukakiweka kwenye mashine ya kutikisa kwa saa 20. Kwa macho hakikubadilika hata kidogo: hakuna ufa, hakuna mkwaruzo. Tulipokigonga tena, hezi 104. Kushuka kwa asilimia 7 kwenye mtetemo ni kupungua kwa asilimia 14 ya ukakamavu, kwani ukakamavu hufuata mraba wa mtetemo. Nikachukua sarafu nikaanza kugonga spoki moja baada ya nyingine, sikio karibu. Ti, ti, ti, ti. Kwenye shina la spoki ya tatu sauti ikawa tu, tu, nzito kama ya mbao iliyooza, eneo lenye ukubwa wa kiganja. Kipande cha alumini cha kushikia bolti kilikuwa kimeachia gundi ndani. Tulipokikata tukakuta hakikuwa na tabaka la kioo, na gundi ilikuwa imeshika nusu tu.

Sikuiacha nyuzikaboni kwa sababu hiyo. Niliacha kununua kiunzi cha nyuzikaboni ambacho sina njia ya kukiangalia ndani. Ukiwa na kifaa cha ultrasauti, kinachokagua ndani kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, na mtu anayejua kukisoma, endelea. Kama huna, basi pete iwe ya kaboni na viungo viwe vya kufungua na kuvitazama.

Chuma

Kwa ufupi: mirija ya chuma cha 4130 iliyochomelewa ni nzito, lakini inavumilia uchovu, inachomeleka kirahisi, na inanyumbuka kabla ya kukatika. Kwa feni ya kwanza ya majaribio ya ardhini, isiyokusudiwa kuruka, ni chaguo la busara kabisa. Usiibebe angani.

Spoki ngapi, na zikae wapi

Mapanga 7, kwa hiyo spoki 4 au 5 ni salama. Usiweke 7. Kila panga litapita mbele ya spoki kwa wakati mmoja na wenzake, na mapigo yote yatajumlishwa kuwa pigo moja mara 467 kwa sekunde. Spoki zikiwa juu ya rota, mapanga yanakata hewa iliyovurugwa, kelele inapanda na mapanga yanachoka. Napendelea ziwe chini, kwenye hewa inayotoka, na kama muda unaruhusu zipewe umbo la kunyoosha mzunguko wa hewa, kazi mbili kwa uzito mmoja. Kasoro yake ni kwamba spoki ikiharibika umepoteza vyote viwili.

Mtetemo wa asili wa kiunzi usikaribie hezi 67, ambazo ni mzunguko wa rota, wala 467. Mimi huacha nafasi ya asilimia 20 kila upande, na hupima kikiwa kimefungwa kwenye bawa au mfano wa bawa. Kiunzi kilichofungwa kwenye meza ya zege hukudanganya, maana bawa halina ugumu wa zege.

Majaribio, nyenzo kwa nyenzo

Sheria za ndege za abiria za Marekani na Ulaya hutaka muundo ubebe mara 1.5 ya mzigo mkubwa unaotarajiwa kwenye matumizi, kwa sekunde 3 angalau, bila kuvunjika. Alumini hukuonya ukikaribia: geji za mkazo, vihisi vinavyopima nyenzo inavyovutika, huacha kupanda kwa mstari ulionyooka, na ukiondoa mzigo hazirudi sifuri. Nyuzikaboni hupanda kwa mstari ulionyooka hadi sekunde ya mwisho. Onyo lake ni sauti, mlio mdogo kama wa kijiti kikivunjika. Kwenye jaribio la nyuzikaboni zima redio, watu wanyamaze, na mtu mmoja asiwe na kazi ila kusikiliza.

Alumini na titani zikimaliza kutikiswa hupakwa rangi ya kupenya, na ufa hujitokeza kama mstari mwekundu juu ya unga mweupe. Kazi ya saa moja. Nyuzikaboni ina jaribio ambalo metali hazihitaji: iangushie kitu kidogo, mfano wa spana iliyoponyoka mkononi mwa fundi, hadi iachwe na alama isiyoonekana vizuri, kisha ukandamize kipande hicho na uone nguvu iliyobaki. Ukubwa wa tabaka zako uamuliwe na matokeo hayo, na hapo nyuzikaboni hupoteza sehemu ya faida iliyoonekana kwenye jedwali.

Jaribio la panga kukatika ni ghali na linaharibu kila kitu, na wengi huliahirisha. Masharti maalumu ambayo EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, ilitoa mwaka 2019 kwa ndege ndogo za kupaa wima hutaka, kwa ndege za kubeba abiria kibiashara, hitilafu moja pekee isiwe chanzo cha maafa. Panga moja ni hitilafu moja. Fanya jaribio hilo angalau mara moja, ndani ya shimo lenye kuta nene, hata kwa mizunguko pungufu.

Ningechaguaje

Feni ya umeme, mota kwenye kitovu, kundi dogo lisilo na ultrasauti: kitovu na spoki za alumini kutoka bonge moja, pete ya nyuzikaboni na sega la nyuki, viungo vya bolti vyenye tabaka la kioo. Unapoteza uzito kidogo kwenye spoki, unapata njia ya joto na ufa unaoonekana.

Feni inayoendeshwa kwa shafti, mota iko mbali, na una vifaa vya kukagua ndani: spoki za nyuzikaboni pia, zenye nyuzi nyingi zilizolazwa kwa urefu wa spoki. Hapa uzito unaookolewa ni wa kweli kwa sababu hakuna joto la mota la kuhamisha.

Feni ya gesi ya moto: titani, spoki za mshazari, na mchomeleaji unayemwamini. Usijaribu kuokoa kwenye agoni.

Na chochote utakachochagua, kigonge kwa nyundo siku kinapotoka kwenye karakana, kabla hakijafungwa bolti hata moja, uandike mtetemo wake kwenye daftari pamoja na namba ya kiunzi. Kigonge tena baada ya kila jaribio, kikiwa kimetundikwa kwa kamba zilezile. Hezi 8 zile zilizopungua tulizijua kwa sababu kulikuwa na 112 imeandikwa kwa kalamu, mwezi mmoja nyuma.